Incienso, olíbano na ubani wetu

Mkuu, umeuliza kama "incienso" la Kihispania ndilo ubani wetu. Ndiyo na hapana.

Wiki yangu ya kwanza Sevilla nilikuta tangazo mlangoni mwa chumba: "en caso de incendio". Nikadhani wamekataza kufukiza, nikaficha udi wangu begini. Kumbe incendio ni moto wa kuunguza nyumba! Hata hivyo sikupotea sana, maana maneno hayo ni ndugu. Mama yao ni incendere la Kilatini, kuwasha moto, na incensum ni kilichochomwa. Jina halitaji mti wala harufu, linataja kuungua tu. Ndiyo maana hata vijiti vya Kihindi wanaviita incienso.

Argentina utasikia zaidi sahumerio. Ndani yake mna "chini" na "moshi" vya Kilatini. Mtu wa pwani hahitaji kamusi hapo: nguo juu, chetezo chini.

Sasa ubani wenyewe, ule utomvu, una jina lake: olíbano. Nililisoma kwenye chupa dukani nikabaki nimeduwaa. Ni al-lubān la Kiarabu, mzizi uleule wa weupe uliozaa laban, maziwa. Na kweli gome la mti likichanjwa kule Dhofar, Oman, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Kilatini cha Zama za Kati kililimeza neno pamoja na "al" yake, likawa olibanum, na Kihispania kikalipokea hivyo. Sisi tuliangusha l ya mwanzo, likabaki ubani, likaingia ngeli ya U kana kwamba limezaliwa Lamu. Kisha kuna lubān jāwī, "ubani wa Java", utomvu wa mti mwingine kabisa. Huo wanauita benjuí: silabi ya "lu" ilidhaniwa ni kineno cha mbele tu, kama "al" ya Kiarabu, ikatupwa. Neno moja, kila mtu kalikata kwa kisu chake.

Ukisikia incensar, angalia anayefukizwa ni nani. Padri hufukiza altare, lakini anayemfukizia bosi wake anamvika kilemba cha ukoka.

Na usifanye kosa langu. Mfanyakazi mwenzangu alifiwa na baba yake, nikamwambia kwa Kihispania changu cha kuunga-unga kwamba nimeleta incienso, huku nimeshika bahasha ya pesa, ule ubani wetu wa rambirambi. Akaichungulia, akaninusa, akaniuliza mimi ni wa kanisa gani.