Swali la Lugha: Ndege Hutua kwa "Muda Mfupi" au katika "Umbali Mfupi"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi hutafsiri maelezo ya video za michezo kwa ajili ya kituo kimoja cha televisheni. Hivi karibuni nilipewa video ya marubani wa Alaska wanaoshindana kwa ndege ndogo, nikaandika: "mashindano ya ndege za msituni ya kupaa na kutua kwa muda mfupi". Mhariri wangu akabadilisha ikawa "mbio za ndege za msituni", na kichwa cha habari akaweka "Ndege mdogo ashinda mbio za kuruka". Sikuridhika, lakini nilishindwa kumweleza kosa liko wapi. Je, nani kati yetu yuko sahihi, na mchezo huu tuuiteje kwa Kiswahili?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Nyote wawili mmeteleza, ingawa mhariri wako ameteleza zaidi, na nadhani mliyatafuta maneno kabla ya kuutazama vizuri mchezo wenyewe. Tuutazame kwanza.

Mashindano yanayojulikana zaidi ya aina hii hufanyika kwa kawaida mwezi Mei katika mji wa bandari wa Valdez, jimboni Alaska, Marekani. Kwenye uwanja huchorwa mstari mweupe wa kukata njia ya ndege. Rubani huyaweka magurudumu makuu kwenye mstari huo, hukanyaga breki huku injini ikinguruma kwa nguvu zake zote, kisha huachia, na waamuzi waliojipanga kandokando huangalia ni wapi hasa magurudumu yameachana na ardhi. Baada ya kuzunguka angani hurudi kutua. Akigusa ardhi kabla ya mstari, hata kwa shubiri moja, jaribio lake halihesabiwi. Akigusa kwenye mstari au baada yake, hupimiwa kuanzia mstarini mpaka pale ndege iliposimama kabisa, wala haitazamwi aligusa wapi, kwa hiyo anayeogopa mstari akagusa mbali nao anajiongezea futi yeye mwenyewe. Vipimo viwili, cha kupaa na cha kutua, hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wenzake katika kundi lake ndiye mshindi. Makundi hupangwa kwa kufuata uzito na aina ya ndege.

Sasa jiulize: mwamuzi ameshika nini mkononi, saa au futikamba? Ameshika futikamba. Rubani anaweza kuchukua dakika nzima kuikaribia ardhi taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na bado akashinda. Hapo ndipo "muda mfupi" wako unapoanguka, kwa sababu unamweleza msomaji kwamba anayesifiwa ni aliyefanya haraka, ilhali anayesifiwa ni aliyetumia ardhi kidogo. Nakuelewa ulivyopotea. Herufi STOL (kifupi cha "short takeoff and landing"), ambazo marubani hutumia kuzitaja ndege hizi, zina ndani yake neno la Kiingereza lenye maana ya "fupi" peke yake, bila kusema ni fupi kwa nini, na Kiingereza kinaridhika hivyo. Kiswahili kinataka tuseme kilicho kifupi ni kipi.

Watu hujaribu njia nyingine kadhaa. Wapo wanaosema "kupaa kufupi na kutua kufupi", na upatanisho wao hauna dosari, kwani kitenzi-jina huchukua ku- kama katika "kusoma kwake kuzuri"; tatizo ni kwamba "kulala kufupi" ni kulala kwa muda mchache, na sikio litaupeleka "kutua kufupi" huko huko kwenye saa. Wapo wanaosema "kutua kwa ufupi", na hao nawaomba waache mara moja, maana "kwa ufupi" ni maneno ya mtu anayefupisha hotuba. Wengine wanapendekeza "masafa mafupi", neno zuri lakini lina kazi zake tayari: ndege ya masafa mafupi ni ile ya safari za karibu, kama Dar es Salaam na Zanzibar, na wazee waliokuwa wakitega redio usiku wanayakumbuka masafa mafupi kwa maana nyingine kabisa. Kwa hiyo pendekezo langu ni "mashindano ya kupaa na kutua katika umbali mfupi". Ni marefu kidogo, lakini ukishayataja mara moja kwa ukamilifu, baadaye utasema "mashindano ya kupaa na kutua" na msomaji atakufuata. Nimechagua "katika" badala ya "kwa" makusudi, ili umbali uonekane kama nafasi ambayo ndege inatakiwa kuenea ndani yake.

Na nafasi yenyewe ni finyu kuliko mtu anavyodhani. Mwaka 2018, huko huko Valdez, rubani mmoja alitua na kusimama katika futi 9 na inchi 5, yaani chini ya mita tatu. Chumba cha kulala cha kawaida kina urefu zaidi ya huo. Siri yake kubwa ni upepo. Tuseme ndege nyepesi inaweza kubaki hewani mpaka mwendo wake katika hewa ushuke kufikia kilomita 50 kwa saa, na upepo unaokuja usoni unavuma kilomita 30 kwa saa: juu ya ardhi ndege hiyo itakuwa inakwenda kilomita 20 tu kwa saa, mwendo wa baiskeli, na ikishagusa, breki na matairi mapana yenye upepo kidogo humaliza kazi iliyobaki. Mabaharia wetu wana jina la upepo wa namna hiyo, nao ni upepo wa mbisho. Kwa nahodha wa jahazi mbisho ni adha, humlazimisha kwenda mshazari huku na huku. Kwa rubani wa Valdez ni neema anayoiombea. Ukipata nafasi ya kulitumia neno hilo katika maelezo ya video yako, litumie, kwa kuwa "upepo wa mbele" hauna ladha hiyo.

Nije kwenye kitenzi. Ulipoandika "kupaa" ulikuwa sahihi, na mhariri alipoweka "kuruka" aliharibu, ingawa hakuvunja sarufi. Katika mazungumzo ya kila siku "ndege imeruka saa mbili" haina ubaya, na hakuna atakayekukosoa ukiwa uwanjani unamsindikiza mgeni. Lakini "kuruka" kuna kazi nyingi mno: kuruka ni kuwa angani, ni kuchupa kama chura, na pia ni kupitiliza, kama mwanafunzi anayeruka mstari anaposoma. Fikiria sasa mtangazaji anayesema kwamba rubani "ameruka mstari". Amepaa kutoka mstarini? Amepita juu yake? Ameusahau? Katika mchezo ambao kila kitu kinategemea mstari mmoja, utata huo hauvumiliki. "Kupaa" kuna maana ya kwenda juu kwa kuachana na kilicho chini, na Wakristo husherehekea Kupaa kwa Bwana bila mtu yeyote kudhani kwamba alichupa. Basi kipimo cha kwanza kiite "umbali wa kupaa", na "kuruka" ukiachie sehemu ya katikati, ndege inapokuwa hewani.

"Kutua" kunastahili maneno zaidi, kwa sababu ni kitenzi ambacho wasemaji wengi wanakitumia bila kukumbuka asili yake. Kabla ya eropleni kuonekana pwani yetu, watu walitua mizigo. Mtu hutwika mzigo kichwani anapoanza safari na huutua anapofika, na akishindwa peke yake humwambia mwenzake "nitue", yaani nisaidie kuushusha. Tanzania nzima inaijua kaulimbiu ya "kumtua mama ndoo kichwani". Ndiyo maana ninamtetea mtu anayeandika "rubani aliitua ndege", ambaye baadhi ya wahariri humkosoa wakidai kwamba kutua hakupokei yambwa, yaani kitu kinachotendewa. Kunapokea, na kulikuwa kunapokea tangu zamani. Zaidi ya hapo, mzigo uliotuliwa umekaa chini umetulia, haukugusa tu na kuendelea kuteleza. Kwa hiyo "umbali wa kutua" ni jina linalofaa kabisa kwa kipimo kinachokwenda mpaka ndege isimame. Kwa ile nukta ya magurudumu kukutana na ardhi, tumia "kugusa". Mkiwa na vitenzi viwili hivyo, "aligusa kabla ya mstari" na "alitua katika futi 12", mtazamaji hatachanganyikiwa hata akiwa jikoni anasikiliza bila kutazama.

Kuhusu "ndege za msituni", hapo mmekosea pamoja. Msitu ni miti iliyosongamana, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetafuta kutua juu yake. Tena kwa wasomaji wa Afrika Mashariki na Kongo neno "msituni" limeshikamana na vita: wapiganaji wa msituni, vita vya msituni. Video yako itaonekana inahusu ndege za waasi. Ndege hizi zimepata jina lao la Kiingereza, "bush planes", kutokana na nchi zisizo na barabara wala viwanja, ambako rubani hutua kwenye fungu la mchanga katikati ya mto, kwenye barafu, au kwenye kipande cha nyasi pembeni mwa kibanda cha mwindaji. Hilo kwetu ni pori. "Ndege za porini" ndilo jina ninalolipendelea. "Ndege za nyikani" lingefaa Tsavo, ambako walinzi wa wanyamapori wamezitumia kwa miaka mingi ndege ndogo aina ya Super Cub, ambazo ni jamii moja na nyingi kati ya zinazoshindana Valdez, lakini nyika ni kavu, na Alaska si kavu.

Limebaki kosa ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya nichague barua yako miongoni mwa nyingine, nalo ni "ndege mdogo". Neno "ndege" lina umbo moja na viumbe viwili, na kinachovitenganisha ni upatanisho peke yake. Ndege mdogo, ndege huyu, ndege hawa: huyo ana manyoya na kiota. Ndege ndogo, ndege hii, ndege hizi: hiyo ina injini na rubani. Mhariri wako amewatangazia watazamaji kwamba shomoro amepata kombe. Upatanisho huo si pambo. Mwezi Januari 1959, Mjerumani Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, alifariki dunia baada ya tumbusi kuigonga ndege yake, Dornier Do 27 iliyopakwa milia kama pundamilia, ambayo nayo ilikuwa ndege iliyoundwa kwa ajili ya kupaa na kutua katika umbali mfupi. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Tukio hilo Kiswahili kinaweza kulieleza kwa maneno matatu, "ndege aliigonga ndege", na msomaji akajua bila shaka nani aligonga na nini kiligongwa, kwa sababu a- imekaa mahali pake na -i- mahali pake. Ukivuruga viambishi hivyo hubaki na sentensi. (Herufi za usajili za ndege hiyo zilikuwa D-ENTE, na "Ente" kwa Kijerumani ni bata. Mambo ya ndege na ndege hayakuanza kwetu.)

Kichwa cha habari basi kingesomeka: "Ndege ndogo ya porini yashinda kwa kupaa na kutua katika umbali mfupi", au, kama mnataka kumpa sifa mtu badala ya mashine, "Rubani ashinda kwa kutua katika futi" ngapi sijui, jazeni wenyewe. Mimi ningechukua la pili. Mashine haikuomba kombe. Kama tukio si mashindano, msilazimishe neno hilo: rubani wa Poland, Luke Czepiela, alipotua mwezi Machi 2023 juu ya hoteli ya Burj Al Arab mjini Dubai, kwenye kiwanja cha helikopta chenye upana wa mita 27 na kilicho mita 212 kutoka chini, hakushindana na mtu. Alitua, akasimama, kisha akapaa tena kutoka huko paani, na vitenzi vilevile vinatosha.

Na "mbio"? Kwa video ya Valdez neno hilo halifai, kwani marubani hupaa mmoja baada ya mwingine na hakuna anayemkimbiza mwenzake. Ila mwambie mhariri wako asilitupe. Katika jangwa la Nevada uko mchezo ndugu wa huu, ambao ndege mbili huruka sambamba umbali wa futi 2,000, kila moja hutua ng'ambo ya mstari wake, husimama kabisa, hugeuka na kupaa kurudi ilikotoka, na anayetangulia kutua na kusimama ndiye mshindi. Hizo ni mbio hasa, na mkiletewa video yake, hata ule "muda mfupi" wako utakuwa umepata mahali pa kukaa.