Debaga Inakuonyesha Asembli, Wewe Dai Baiti

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, kwa nini unang'ang'ania baiti wakati debaga inatupa asembli safi kabisa?" Debaga ni programu ya kuchunguza programu nyingine inapoendeshwa, asembli ni maagizo ya prosesa yaliyoandikwa kwa maneno, na baiti ni namba zenyewe zilizomo kwenye kumbukumbu. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili nikafuta. Alikuwa amenitonesha kidonda.

Zamani kidogo niliandika programu ya asembli inayojihakiki. Inajumlisha baiti za fanksheni yake moja, kisha inalinganisha jumla hiyo na ile niliyoihifadhi pembeni. Zikipishana, inagoma. Nikiiendesha peke yake, haina neno. Nikiiendesha ndani ya GDB, debaga ninayoitumia, na kuisimamisha mwanzoni mwa fanksheni hiyo, inagoma. Na kila mara jumla inazidi kwa 119, haipungui wala haiongezeki.

Nilimwita mwenzangu kazini. Akatazama skrini sekunde chache, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba labda sijui kujumlisha. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ungefanyaje?

Kosa langu lilikuwa kuamini `disassemble` tupu, amri ya GDB inayoonyesha asembli. Maagizo yote yalikuwa yamekaa sawasawa, sikuona cha kutilia shaka. Ndipo nikajifunza kuongeza herufi moja: `disassemble /r`. Sasa baiti zikatokea, zimeandikwa kwa heksa, yaani namba za msingi wa 16. Kando ya `push rbp` ikatokea 55, kando ya `mov rbp, rsp` ikatokea 48 89 e5. Jamani, nilikaa hapo usiku mzima kama mtoto aliyefungua redio. Kumbe `mov eax, 5` ni b8 05 00 00 00, baiti yenye thamani ndogo ikitangulia. Kumbe `call` ya e8, agizo la kuita fanksheni, haibebi anwani, inabeba umbali unaohesabiwa kuanzia agizo linalofuata. Na kwenye x86, aina ya prosesa niliyokuwa nayo, agizo moja linaweza kuwa na baiti moja tu au kufika 15, kwa hiyo ukianza kusoma mahali pasipo pake unapata hadithi nyingine kabisa. Chukua hiyo `mov eax, 5` ikifuatwa na `ret`, agizo la kurudi kutoka kwenye fanksheni, yaani c3. Mwambie GDB aisome kwa `x/i` kuanzia baiti ya pili, naye bila haya atakuambia ni `add eax, 0xc3000000`. Asembli unayoiona ni tafsiri. Kilichomo kwenye kumbukumbu ni baiti.

Lakini 119 yangu ilikuwa bado ipo, na `/r` nayo ilinionyesha 55 palepale. Mwisho nikaifanya programu yenyewe ichapishe baiti inazozisoma. Ya kwanza ilikuwa cc.

GDB akitakiwa kusimamisha programu mahali, hubandika cc, yaani `int3`, agizo la kusimamisha, juu ya baiti ya kwanza ya agizo lililopo. Ukimuuliza kumbukumbu ina nini, anaificha hiyo cc na kukurudishia ya asili. Mimi nilikuwa nimeandika `break`, amri ya kusimamisha, na nyota mbele ya anwani, hivyo cc ilikaa juu ya 55 yenyewe. Cc ni 204, 55 ya heksa ni 85. Toa, unapata 119.

Nikabadili kuwa `hbreak`, inayotumia rejista za prosesa badala ya kugusa msimbo. Kwenye x86 unapata nafasi nne tu, zinatosha. Programu ikapita.

Kwa hiyo ndugu yangu, tazama baiti. Ukikwama, andika ndani ya GDB `x/16xb $pc` uzitazame 16 kuanzia pale programu iliposimama. Ukishaziona, linganisha na za faili la programu kwa amri ya `objdump -d`. Na ukishindwa hata hapo, iambie programu ikuonyeshe inachokiona yenyewe, maana debaga naye ana adabu zake za kuficha. Vijana wengi siku hizi wanataka kuvunja programu za watu na hawajui hata c3 ni nini. Hamtafika.

Yule mwenzangu aliniuliza baadaye nilitatuaje. Nikamwambia nilijumlisha upya.