Mwangwi kwenye sebule ya vigae

Kaka wa Ujiji uliyeuliza jinsi ya kupunguza mwangwi wa muziki sebuleni kwako, kwa vigae chini, dari ya jipsamu na madirisha ya vioo, lazima muziki ukurudie masikioni. Trei za mayai ambazo watu hubandika ukutani kuzuia mwangwi, achana nazo kabisa, ni nyepesi mno.

Kaa pale unaposikilizia, mtu atembeze kioo ukutani, kushoto kisha kulia. Unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia. Weka hapo fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 10, ijaze pamba ya godoro bila kuishindilia, uivalishe kitambaa. Kitambaa kipulize kwanza kwa mdomo: pumzi ikipita, na sauti itapita. Unene ni muhimu sana, maana wimbi la sauti la hezi 1000 (mitetemo 1000 kwa sekunde) lina urefu wa sentimita 34 hivi, na kitu chembamba hakiligusi vizuri. Besi ndiyo ngumu zaidi. Anza kwa kuzisogeza spika mbali na kona.

Chini tandika zulia zito kati yako na spika (mkeka pekee hautoshi), na pazia liwe na mikunjo mingi. Kuta nyingine ziache wazi, chumba kisipoteze uhai.