Mbuyu ukichipua usikimbilie kumwaga mbegu zote

Wakulima wenzangu wa Dodoma, mwezi wa kumi na moja ukikaribia kila mtu shingo juu anaangalia mibuyu, na mi naangalia pia, nimelelewa na bibi kule Mvumi na hizo dalili za mvua naziamini mpaka leo. Ila kuna kitu kilinigharimu.

Mwaka ule mibuyu ilichipua mapema, usiku joto mpaka tunalala nje, ndege dudumizi analia kila asubuhi, ikapiga mvua moja kubwa nkapanda karanga zote, debe zima, sikubakiza hata kisado. Baada ya hapo jua wiki tatu. Nilikuwa nafukua shimo nakuta karanga imechipua kidogo halafu imekauka, ukiiminya inakuwa unga. Niliumia sana, na hela ya mbegu nyingine sina.

Bibi hakunigombeza, alichukua panga akachimba pale pale shambani akanambia shika. Juu vumbi, chini pakavu vilevile. Kumbe mbuyu una maji yake kwenye shina, unatoa majani kwa akiba yake, wewe na karanga zako akiba hiyo hamna. Mbuyu unakwambia msimu umekaribia, haukwambii mvua itashika.

Kwa hiyo siku hizi dalili za miti nazitumia kuandaa shamba tu, kung'oa visiki na kutafuta mbegu. Siku ya kupanda namsikiliza sisimizi, wazee wanasema ukiona wanapandisha mayai ukutani mstari mzima hapo mvua iko karibu, na mwezi ukiwa na duara lile jeupe najua mawingu ya juu yameshaingia ingawa hilo mara nyingine linadanganya. Mvua ikishanyesha nachimba, unyevu ukifika shubiri nzima napanda, usipofika natulia hata majirani wote wakiwa shambani.

Na utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wa mvua za msimu sikiliza jamani, sisi huku tuna msimu mmoja tu, Novemba mpaka Aprili, ukikosea hakuna vuli ya kukuokoa. Wakisema mvua itachelewa au itakuwa chini ya wastani, karanga punguza, ongeza uwele na mtama wa muda mfupi kama Macia.

Mbegu zangu sa hivi nagawa mara mbili, nusu inaingia ardhini, nusu inabaki nyumbani kwa ajili ya kurudishia mpaka nione mimea imesimama.