Waulize Mafundi: Moduli za Kupunguza na Kupandisha Volti

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina paneli ya wati 250. Nilinunua moduli ndogo ya kupunguza volti, LM2596, nikaiunga moja kwa moja na paneli, nikaiseti volti 5 za kuchajia simu. Ilifanya kazi siku kadhaa, kisha asubuhi moja ya baridi na jua kali ikaungua, na simu ikafa nayo. Kosa liko wapi? – Msomaji, Njombe

JIBU: Pole kwa hasara, ndugu. Geuza paneli usome kibandiko cha nyuma, mahali palipoandikwa Voc. Hiyo ni volti ya paneli ikiwa haina mzigo. Paneli nyingi za seli 60 huwa na Voc ya volti 37 hadi 38. Za seli 72 hupita 44. Namba hiyo hupimwa seli zikiwa na joto la nyuzi 25, na kila zinapopoa kwa nyuzi moja, volti hupanda kwa karibu asilimia 0.3. Kwa hiyo paneli ya volti 37.5, seli zikiwa na nyuzi 5, hutoa karibu 39.8. Mwisho wa LM2596 ni volti 40. Tena simu zikijaa mzigo hupungua, na volti ya paneli hukimbilia Voc.

Sasa itazame moduli yenyewe, kapasita ya mviringo iliyo upande wa IN (kuingilia). Baadhi ya zile za bei nafuu zimeandikwa 35V. Kama na yako ni hivyo, ilizidiwa tangu siku ya kwanza.

Simu imekufa kwa sababu chipu ya aina hii ikiungua, mara nyingi swichi yake ya ndani hushika shoti na volti zote za kuingilia hupita hadi upande wa pili. Hili ndilo jambo tunalowasihi mafundi wote walizingatie: ukiseti volti 5, hujajikinga na siku moduli itakapoharibika.

Mpangilio salama ni paneli, kisha chaji kontrola (kidhibiti cha kuchaji betri) inayostahimili Voc yako, kisha betri ya volti 12, fyuzi, na mwisho moduli. Fyuzi iwe ya ampea 2, karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kuzuia waya usiwake moto. Kwenye OUT (kutolea), unga dayodi ya zena, inayozuia volti zisipite kiwango chake, ya volti 5.6, wati 5 (1N5339), upande wenye mstari ukiwa kwenye chanya. Moduli ikishika shoti, zena itabeba mkondo, huenda ikaungua yenyewe, na fyuzi itakatika kabla simu haijapata volti 12. Ikishafanya kazi hiyo, ibadilishe pamoja na fyuzi.

Unaposeti, usiwe na kitu chochote kwenye OUT isipokuwa mita, na zena uilehemu baada ya kuseti. Zungusha skrubu ya shaba taratibu hadi usome 5.1. Huenda ukazungusha mara nyingi bila namba kusogea. Endelea, usilazimishe skrubu ikigota. Kisha weka rezista ya omu 5, wati 10, ambayo itavuta ampea 1. Iache dakika kumi, pima tena. Namba ikitulia, dondoshea skrubu tone la rangi ya kucha ili mtikisiko usiigeuze.

Usiamini ampea 3 zinazotangazwa. Kutoka 12 kwenda 5 kwa ampea 2 unatoa wati 10. Moduli ikiwa na ufanisi wa asilimia 80, wati 2.5 hubaki kama joto kwenye kibao kidogo. Ishia kwenye ampea 2, na boksi litobolewe juu na chini. Moduli ikae karibu na simu, waya mrefu uwe upande wa betri. Mita 3 za waya wa milimita 1 ya mraba, kwenda na kurudi, zina karibu omu 0.1: ampea 2 za upande wa simu zingepoteza volti 0.2, na hapo simu huchaji kwa kusuasua. Upande wa betri inapita ampea 1 tu, na moduli haioni tofauti.

SWALI: Nataka ruta yangu ya volti 12, ampea 1, iendelee umeme ukikatika. Nimetumia seli moja ya lithiamu ya 18650 na moduli ya kupandisha volti, MT3608. Ruta inajizima na kujiwasha, na moduli inachoma kidole. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Piga hesabu kwa wati. Ruta inataka 12. Moduli ikiwa na ufanisi wa asilimia 80, inavuta 15. Seli ikishuka hadi volti 3.3, hizo ni ampea 4.5, wakati swichi ya MT3608 hukomea ampea 4 za kilele. Weka seli mbili kwa mfululizo zenye BMS ya 2S (saketi ya kulinda seli mbili za mfululizo), na moduli ya XL6009, inayopokea volti 5 hadi 32 na yenye koili kubwa zaidi. Mkondo utashuka hadi karibu ampea 2.

Usikose kuweka fyuzi ya ampea 4. Moduli ya kupandisha haiwezi kukata shoti ya upande wa OUT: mkondo hupita kwenye koili na dayodi moja kwa moja hata chipu ikiwa imelala.

SWALI: Je, naweza kuunga moduli mbili za volti 5 pamoja nipate ampea 4? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Hapana. Hazilingani kamwe, iliyo juu kwa hata volti 0.05 hubeba mzigo karibu wote hadi ichemke. Gawa mzigo: kila moduli iwe na matundu yake ya USB, ziungane kwenye IN na hasi tu, chanya za OUT zisigusane.