Mwanangu, kuhusu hiyo Benz ya milioni 19

Mwanangu Hamidu,

Meseji yako nimeipata na picha zote nimeziona, hadi ile uliyopiga umeegemea mlango kama vile kadi ya gari ishaandikwa jina lako. Unauliza, mama hii Benz C200 Kompressor ya 2008 jamaa anaiachia kwa milioni 19, nichukue? Ina magonjwa gani, na ikiugua itanila shingapi? Haya. Mimi sio fundi, ila miaka tisa ya teksi pale Dar nimekaa gereji kuliko nilivyokaa sebuleni, na hizo W204 (ndo bodi yake hiyo, zilitengenezwa kuanzia 2007 mpaka 2014) nimeziona zikifunguliwa nyingi tu.

Kwanza bei. Kwa hela hiyo hiyo unapata Premio nzuri, sasa jiulize gari ambayo ikiwa mpya ilikuwa ya bosi imefikaje kulingana na Premio. Ni kwamba gari imeshuka, spea hazijashuka, spea bado zina bei ya bosi. Na watu wengi huuza hapo hapo fundi anapowaambia kuna kitu kinataka mamilioni, kwa hiyo kazi yako wewe ni kujua huyo jamaa anakimbia nini.

Mimi ningeanza na cheni ya taimingi. Injini hiyo inaitwa M271, lita 1.8 yenye supachaja, na cheni yake ni nyembamba, ikizeeka inavutika, na yale magia ya juu kwenye kamshafti (shafti inayofungua valvu) meno yanalika. Dalili inatoka asubuhi tu gari ikiwa imelala, ukiwasha unasikia krrrr sekunde mbili tatu kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, afu kimya, na muuzaji atakwambia ah hizo Benz zote ndo zilivyo. Sio zote. Mwambie unakuja saa kumi na mbili asubuhi na asiiguse, na ukifika, kabla hata ya salamu, weka kiganja juu ya boneti, ikiwa ya moto ujue ameshaiwasha na ana sababu yake. Kubadilisha cheni, tenshona (kile kinachoikaza cheni) na hayo magia mawili kwa spea za maana weka milioni moja na nusu hadi mbili na nusu pamoja na ufundi. Ukipuuza, cheni inaruka meno, pistoni zinagonga valvu, hapo sio matengenezo tena, unatafuta injini nyingine.

Sasa fungua boneti. Mbele ya injini kwa juu kuna vidude viwili vya duara vimechomekwa waya, ni magneti za kamshafti. Mwombe achomoe plagi ya waya ya kimoja, chukua tishu uisokote kidogo uingize pale kwenye pini. Ikitoka na oili, shida ndo hiyo, manake oili inapanda ndani ya waya taratibu kama mafuta ya taa kwenye utambi wa chemli, inasafiri mpaka inafika kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini. Magneti zenyewe sio ghali, kontrolboksi ndo itakulaza macho. Watu wengi hawaangalii hapo kabisa, wanaangalia ngozi ya viti.

Afu ufunguo. Hauna meno, ni kiplastiki unachochomeka. Ukichomeka sikiliza pale kwenye usukani, kuna kamota kanalia zzit kufungua loki ya usukani. Siku kamota kakifa ufunguo hauzunguki, dashibodi giza totoro, na gari haijali uko nyumbani au uko kwenye mataa ya Tazara na malori nyuma. Hiyo weka laki nne hadi nane. Na asikuuzie mtu ufunguo mpya kabla hajapima betri na hiyo loki.

Giaboksi usiiogope sana, ni ya gia tano na ni ngumu, ila haina kijiti cha kupimia oili, kuna kifuniko tu, ndo maana inaweza kupungukiwa oili na usijue. Na inavujia sana kwenye soketi ya waya pembeni ya giaboksi, karaba kadogo tu. Nakwambia hivi kwa sababu teksi yangu moja, gari nyingine kabisa sio Benz, ilianza kuchelewa kushika gia, fundi akaniambia mama hii giaboksi imekufa tafuta milioni mbili na laki nane. Nikalia usiku mzima. Kesho yake nikampelekea mzee mmoja, akaingia chini na tochi, akatoka anacheka, sili imechoka oili imeisha. Nililipa laki na ishirini. Kwa hiyo ukiambiwa imekufa, uliza oili ilipimwa lini na nani.

Mengine ni ya kawaida, maunti za injini, bushi na boljointi za mbele kwa haya matuta yetu, tairi za 225/45 inchi 17 ambazo shimo moja tu zinavimba ubavu. Sevisi inakula lita tano na nusu za oili yenye namba ya Benz 229.5 kwenye kopo, usiweke ya kupima. Na uliza ilitokea Japani au Uingereza, kama ni Uingereza ingia chini nyuma uangalie kutu kwenye ile fremu inayobeba tairi za nyuma, kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi.

Basi msimamo wangu ni huu, hizo 19 kama ndo zote ulizonazo, au ni mkopo wa sakosi, achana nayo baba, chukua Premio. Kama unazo nyingine nne pembeni ambazo mkeo anajua zipo, nenda kaanze na 16 na umlipe mtu mwenye mashine ya Benz yenyewe aipime, sio kale kadude ka kuchomeka kwenye gari unasomea kwenye simu.

Jumamosi nitaamka na alfajiri. Ukifika pale nipigie kabla hajawasha, uiweke simu karibu na injini, nataka kuisikia hiyo cheni mwenyewe.

Mama yako