Maswali ya Wasomaji: Popo yuko mbali, maji moto yuko karibu, ninunue nini?

SWALI: Assalaam alaykum. Mie niko Wete, nina Canon 1300D na ile lenzi yake ya 18-55 iliyokuja nayo. Napenda kupiga popo wa Kidike, huku kwetu Pemba, na wadudu pia, khasa maji moto, wale chungu wa mitini, kwenye mikarafuu ya babu. Popo wanatoka vitone vyeusi, maji moto nikiwakaribia fokasi inagoma. Nimejikusanyia pesa kidogo, rafiki yangu wa Dar ananambia niuze hii nichukue bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya Canon 90D ya mtumba, eti ina megapikseli 32. Nifanyeje? (Msomaji, Wete)

JIBU: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Usiuze kitu kwanza. Rafiki yako hakukudanganya, 90D ni mashine, inapiga picha 10 kwa sekunde yako inapiga 3, nukta za fokasi inazo 45 yako ina 9, lakini ukiinunua halafu ukaifunga 18-55 ile ile popo atabaki kitone, sema kitone chenye megapikseli nyingi. Kinachovuta mbali ni lenzi, bodi haivuti kitu.

Kwa pesa ya kujikusanyia mie ningetafuta lenzi ya Canon 55-250 (namba ni milimita, ikiwa kubwa inavuta mbali zaidi), ile iliyoandikwa STM, na usome vizuri maandishi maana za zamani zinafanana nayo. Wauzaji watakusukumia 75-300 kwa sababu namba ni kubwa na bei ni ndogo, ile ya kawaida haina kitu cha kutuliza mtikisiko wa mkono na ukiivuta mpaka 300 picha inalegea, achana nayo. STM inatuliza, nyepesi, haifiki nusu kilo, na kwa vile sensa ya kamera yako, kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo ile 250 unaiona sawa na 400 ya kamera zenye sensa kubwa. Popo wa miti ya karibu utawapata vizuri, wa mbali itabidi ukate picha kwenye kompyuta, sikufichi.

Ila kwa popo shida yako nyengine ni mbingu. Kamera inaona weupe mwingi nyuma inaamua kutia giza, na popo wetu ana manyoya mekundu-mekundu mazuri kichwani na kifuani, yote yanakufa hapo. Bana kile kitufe cha Av chenye alama ya kujumlisha na kutoa, zungusha gurudumu mpaka +1 au zaidi kidogo, mbingu iache iungue iwe nyeupe tupu. Nenda alasiri jua likishuka, mwanga umpige kwa mbele. Na wale wanaopiga makofi ili waruke wapate picha ya mbawa, jamani, mnyama huyu haishi popote duniani ila Pemba, aliwahi kuwindwa karibu ya kumalizika, mchana ndio usiku wake, subirini Magharibi anaruka mwenyewe.

Haya, maji moto. Chukua mkubwa wao, tuseme milimita 8. Hiyo 55-250 ikisogea mwisho wa uwezo wake, kama sentimita 85, fremu nzima inabeba upana wa sentimita 7 na nusu hivi, kwa hiyo chungu wako ni moja ya kumi ya picha, humuoni hata jicho. Sasa mbele ya lenzi hiyo hiyo bana kioo kidogo kinaitwa Raynox DCR-250, kinakaa kwa klipu, vuta zumu mpaka 250, fremu inabaki milimita 11 tu na chungu anajaa karibu yote, unahesabu vinyweleo vya miguu. Ukiwa na vyote viwili umepata ya popo na ya wadudu bila kugusa bodi.

Gharama yake ni uvumilivu. Utakuwa umbali wa sentimita 10 au 12 hivi kutoka kwa mdudu na sehemu iliyo kali haifiki hata milimita 1, kwa hiyo zima otofokasi, weka tundu la lenzi f/11, shata (muda wa kupiga) 1/200 ya sekunde, halafu sogea wewe mwenyewe mbele nyuma taratibu ukibofya jicho linapokaa sawa. Mwanga hautoshi chini ya mkarafuu, utahitaji flashi, na ile ya juu ya kamera lenzi iliyorefuka inaitilia kivuli, bora flashi ya pembeni yenye waya na mbele yake kipande cha dumu jeupe kulainisha mwanga. Usisimame kwenye njia yao, wanakuja kukagua, wakifika shingoni picha imeisha.

Lenzi ya makro yenyewe, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ile Canon 100, ni bora zaidi sina ubishi, ukijaaliwa baadaye. Ile ya 60 ni nzuri pia lakini unamkaribia mdudu mno, kereng'ende hakusubiri.

SWALI: Nimenunua Nikon D3500 na lenzi ya zamani 70-300 AF-D, haifokasi kabisa. Mbovu? (Makunduchi)

JIBU: Pengine zote nzima. D3500 haina mota ya fokasi ndani ya bodi na AF-D nayo inategemea mota ya bodi, hivyo fokasi ni kwa mkono. Ukiweza badilisha upate AF-S au AF-P, hizo zina mota ndani ya lenzi yenyewe. Bodi kama D7200 ina mota, lenzi yako ingefanya kazi pale.

SWALI: Ndani ya lenzi kuna kitu kama utando wa buibui. Ni nini? (Fuoni)

JIBU: Fangasi, na kwa unyevu wetu huu si ajabu. Washa tochi ya simu upande mmoja utazame upande wa pili, nyuzi nyuzi utaziona. Ikiwa ndio imeanza, mpe fundi afungue asafishe, ikishakula rangi ya kioo alama haiondoki, na kwa mtumba hicho ndicho cha kuangalia kabla hujatoa pesa. Usiiweke na nzima zako. Lenzi zihifadhi kwenye kopo la plastiki la mfuniko wa kubana pamoja na silika jeli, si vile vipakiti vya maboksi ya viatu, vile vishakunywa maji kitambo, tafuta ya chembe zinazobadilika rangi, zikibadilika unazikausha kwa moto mdogo unazirudisha. Na ukitoka chumba cha AC iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa kabla ya kuitoa begini, isije ikashika umande.